Mwanamuke Aliyenunua Namba ya Mama

Wengine katika familia yetu wanasema siku ile nilikuwa na malaria. Waseme. Sikuwa na malaria, sikuwa nimekunywa kitu, na ilikuwa muchana, sokoni Birere, watu wamejaa. Haya ninayokuambia niliyaona kwa macho yangu haya mawili.

Nianze na Papa. Papa yangu ni muzee wa maneno mengi, mutu wa Bukavu, alikuja Goma akiwa kijana akafanya kazi ya karani mupaka macho yakachoka. Mama alipokufa tulimuzika kwao, Kibumba, karibu na shamba lake la viazi. Kisha vita ikaja, barabara ikafungwa. Muzee aliyezoea kwenda kung'oa majani kaburini na kuongea na marehemu bibi yake, sasa angeongea na nani?

Ndipo nikamununulia simu. Pale butike niliuliza yale tunayouliza sisi wote: batri inakaa? Sauti inasikika vizuri? Muuzaji akanitilia na ule mutandao wa kutumiana mesaji za sauti, bure kabisa. Maneno ukishayatuma yanalala wapi, nani anaweza kuyaokota, hilo sikuuliza. Weye uliuliza uliponunua yako?

Papa akaanza kutuma sauti kwenye namba ya marehemu. Kila jioni, baada ya rozari, anakaa kwenye kiti chake, anafinya, anaongea. "Mama Veneranda, leo tumekula majani ya sombe, wameyapika vibaya kabisa." Alimuambia yote: kwamba mimi ninauza vikwembe, yaani vitenge, pale Birere, nani kati yetu amegombana na bwana yake, nani ni mugonjwa na anaficha, hati za parsele, kile kiwanja chetu, ziko chini ya godoro la nani. Alimukumbusha hata lile kovu la mafuta kwenye mukono wa kushoto, alilolipata akikaanga visamaki vya sambaza wiki aliyoolewa. Sisi watoto tulicheka kidogo, tukamuacha. Mesaji zilibaki na alama moja tu, maana simu ya Mama ilikuwa imezimika zamani. Tukasema hiyo ni sala yake, inamudhuru nani?

Siku moja alama zikawa mbili, tena za buluu. Kuna mutu anasikiliza.

Papa alikuja mbio hadi kwenye meza yangu ya vikwembe, machozi yanamutoka. "Mama yako amefungua," akasema. Fundi wa simu, jirani yangu pale sokoni, ndiye aliyetueleza: namba isipowekewa unite za kupigia muda murefu, kampuni inaichukua na kumuuzia mutu mwingine. Tulidhani ni ya Mama, kumbe tulikuwa tumepangishwa tu. Papa akaitikia kwa kichwa kama mutu aliyeelewa, na jioni akaendelea kama kawaida. Nikamuambia, Papa, acha, huyo ni mugeni.

"Mugeni gani anasikiliza mutu hadi neno la mwisho?" akanijibu. "Nyinyi niliowazaa hamunisikilizi hivyo."

Nikaenda jikoni, nikamuacha na simu yake.

Sasa sikia. Ilikuwa kipindi cha mvua, saa kenda hivi, ninakunja vikwembe haraka kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kwa upande. Mwanamuke mumoja akajibanza chini ya shitingi, lile turubai la meza yangu. Kitambaa cha kichwa kimelowa, viatu ni matope matupu, sura ya mutu aliyetoka kambi ya wakimbizi. Sikumujua. Akatazama meza yangu, akasema, "Kachumvi, sogeza mali yako, italowa."

Ndugu yangu, niliacha kukunja. Ile sauti ilikuwa ya Mama. Sisemi ilifanana, ninasema ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha kumalizia. Na jina hilo la Kachumvi alinipa Mama kwa sababu nilikuwa ninaiba chumvi na kuilamba, na aliniita hivyo tukiwa wawili tu, jikoni. Papa hakulijua. Basi usiniambie kwamba alilisikia kwenye mesaji.

Nikamuuliza yeye ni nani. Akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Nilinunua kadi ya simu," akasema. "Nilikimbia vita, nikafika hapa peke yangu, watoto tulipotezana njiani. Nikasema nikipata namba, labda watanitafuta. Hakuna aliyenitafuta isipokuwa muzee. Kila jioni. Nikawa ninamungojea, maana usiku wa kambi ni murefu. Sikumuibia kitu, mama. Nilisikiliza tu."

Akafuta uso.

"Lakini maneno yake yamenijaa. Nikilala ninaota mulango wenu. Ona." Akapandisha nguo, nikaona kovu la mafuta kwenye mukono wa kushoto, mahali palepale. "Mwaka jana hapa palikuwa ngozi nzima. Kila anachonikumbusha, changu kimoja kinaondoka. Muambie anyamaze. Nisaidie kabla sijaisha."

"Jina lako ni nani, mama?"

Akafungua mudomo. Niliona anatafuta, anatafuta kweli, kama mutu anayepapasa kiberiti gizani. "Veneranda," akasema. Halafu akaziba mudomo kwa kiganja. "Hapana. Hilo ni la kwenu."

Nikuambie ukweli? Nilitaka kumuita Mama. Nilitaka kumushika mukono, nimupeleke nyumbani, Papa apone, na mimi nipone. Lakini huyu alikuwa na watoto wake mahali fulani wanaomuulizia. Niligeuka nichukue kikwembe kikavu nimufunike, kumbe amekwisha toka. Nilimuona kwa mbali kwenye mvua, akiburuta muguu wa kuume kidogo, mwendo wa Mama mutupu.

Nilimueleza Papa yote. Akauliza, "Alikuwa amekula?" Nikasema sijui. Akachukua simu, akaongea mara ya mwisho, mimi nikiwa karibu.

"Mama, unisamehe. Sikujua kwamba ninakumaliza. Sitaongea tena. Lakini nitajie majina ya watoto wako, padri ayatangaze kanisani, tuwatafute."

Kwa mara ya kwanza, jibu likaja. Kwanza ilikuwa mvua juu ya shitingi na pumzi ya mutu. Kisha akaanza kutaja, taratibu. Alitaja majina yetu. Sisi wote, toka kifungua mimba hadi kitinda mimba, hata yule aliyekufa akinyonya, ambaye Papa hakuwahi kumutaja tangu azikwe. Halafu tukamusikia analia. "Ndiyo hawa?" anauliza. "Ndiyo wangu hawa?"

Tangu siku hiyo namba haipatikani. Tulizunguka kambi moja baada ya nyingine, lakini utamuulizia vipi mutu asiye na jina? Na Papa yangu, yule wa maneno mengi, amenyamaza. Ukimusalimu anakujibu kwa kichwa. Simu aliifungia kabatini na hataki kuiona. Inaniuma, ninakuambia, inaniuma kuliko musiba wenyewe.

Basi weye unayekwenda kununua simu, usitazame picha na batri tu. Uliza nani atabaki na maneno yako siku namba itakapohamia kwa mwingine, maana siri za nyumba ni muzigo, na yuko atakayeubeba. Na kama mama yenu alipotelea njiani wakati wa vita, mukakutana naye Goma hapa akawaita kwa majina yasiyo yenu, musimukatae. Mukalisheni, mumupe chakula, mumutajie majina yenu polepole, kila jioni.