Mshono Ulikuwa Mzuri

Walimwita Bi Pindo kwa sababu nguo yoyote aliyoletewa, hata kama kilichoharibika ni zipu, yeye kwanza aligeuza pindo na kulikagua. Alianza kushona kabla hajaolewa, akaolewa anashona, akafiwa na mume anashona. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, na dirisha la kuangalia mtaani. Majirani walimtania kwamba nguo ya Bi Pindo itachakaa kitambaa chote, mshono ubaki unaning'inia peke yake kwenye kamba.

Asubuhi moja, pini tatu zikiwa mdomoni, aliona mwanamke kijana anaingia na mtoto mchanga kifuani. Kwapani amebana kiota.

Kiota ni jina walilokipa wateja. Kilikuwa mto mkubwa wenye godoro jembamba katikati na ukingo mnene wa pamba uliozunguka pande zote, mtoto akiwekwa ndani anakaa kama yai. Mwenye duka la vitu vya watoto ndiye aliyeleta picha kwenye simu mwaka uliopita, akauliza kama kinashoneka. Kilishoneka. Bi Pindo akamshonea arobaini na viwili.

"Shikamoo," alisema yule mwanamke.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Hiki umeshona wewe?"

Bi Pindo alitema pini kwenye kiganja, akakipokea, na mkono wenyewe ukaenda kwenye pindo. "Ni changu. Kimefumuka wapi?"

"Hakijafumuka."

"Zipu?"

"Nzima."

"Sasa kina nini?"

Mwanamke alimweka mtoto sawa kifuani. "Juzi mchana nilimlaza humu, nikatoka kuanika nguo. Uani tu hapo, hatua kumi. Kurudi, nakuta amejigeuza ubavu, uso wote umezama kwenye ukingo. Midomo imegeuka bluu. Namwita, kimya. Namnyanyua, shingo imelegea. Jirani yangu muuguzi ndiye aliyempulizia hewa mpaka akalia. Hospitali wamesema tuliwahi."

Bi Pindo alimtazama mtoto. Alikuwa amelala, mdomo wazi, maziwa yamekauka kidevuni. Miezi mitatu, labda na nusu. Alitaka kusema neno la maana, lakini macho yakarudi kwenye mshono, kana kwamba jibu lingekuwa huko.

"Nilikwenda dukani," mwanamke aliendelea. "Mwenye duka kasema yeye anauza tu, niende kwa aliyetengeneza. Njia nzima nimepanga maneno makali ya kukwambia. Sasa nimefika, siyaoni."

Aliomba maji, akanywa yote, akasema ameshapeleka malalamiko kwenye ofisi ya ubora wa bidhaa na wao wataita watu. Kisha akaondoka, akakiacha kiota juu ya meza.

Siku ile Bi Pindo hakushona. Maisha yake yote, kasoro ilikuwa kitu cha kuwekea kidole: uzi umeruka, bega moja limeshuka, kola imepinda. Alikipitia kiota kwa vidole inchi kwa inchi, akakipima kwa futi kamba, akakigeuza nje ndani. Hakikuwa na dosari hata moja. Tena, akijisema mwenyewe, kilikuwa kazi nzuri.

Binti yake, ambaye ni mwalimu, aliporudi kutoka shuleni alisikiliza habari yote akiwa amesimama na mkoba begani.

"Lakini mama, wangu si alilala humo miezi mitano?"

Kweli kabisa. Kiota kimoja alimshonea mjukuu wake, na mjukuu huyo sasa anapanda viti na kuvuta mapazia. Basi imekuwaje? Alikumbuka mwenye duka aliwahi kumwambia aongeze pamba kwenye ukingo, wateja wanapenda laini, naye akaongeza. Cha mjukuu kilishonwa kabla ya pamba kuongezwa au baada? Alijiuliza mpaka kichwa kikamuuma, asijue. Jambo jingine alilikumbuka vizuri mno, afadhali angelisahau. Kwenye vile kumi vya mwanzo alikuwa ametia kilebo cha kitambaa: "Mtoto asiachwe humu peke yake." Mwenye duka alisema kinatisha wateja. Alikiondoa.

Binti alipoingia jikoni, Bi Pindo alichungulia mtaani kuona kama kuna mtu, kisha akainama na kubana uso wake kwenye ukingo. Pumzi ya kwanza ilipita. Ya pili ilikuwa ya moto. Ya tatu ilikuwa ile ile aliyokwisha kuitoa. Akainua kichwa haraka. Yeye ana shingo ya mtu mzima. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, binti akamwita mara mbili kabla hajaitika.

Ofisi ya ubora wa bidhaa ilikuwa chumba kimoja chenye feni na makabati ya chuma. Ofisa alikuwa mwanamke wa rika la binti yake. Mwenye duka alishafika, amevaa koti, na boksi ambalo duka huuzia kiota lilikuwa mezani.

"Nani alikibuni?" ofisa aliuliza.

"Fundi," alisema mwenye duka.

"Mimi nilionyeshwa picha," alisema Bi Pindo.

"Picha haina vipimo," alijibu mwenye duka. "Vipimo ni vyako, mama."

"Vipimo vya mwanzo vyangu. Unene wa ukingo ni wako."

"Mimi niliomba tu!"

Ofisa aliandika, akafuta, akaandika tena. Bi Pindo alimwinamia. "Mwanangu, nieleweshe. Kimeharibika wapi?"

"Hakijaharibika, mama. Kiko vile vile mlivyotaka kiwe, na kasoro ndiyo hiyo. Mtoto mchanga hulazwa chali, mahali pagumu kiasi na palipo bapa, bila kitu laini karibu na uso. Akizama hana nguvu ya kujitoa. Hapa laini imewekwa pande zote."

"Mbona watu wote wanapenda laini?"

Ofisa aliliandika swali hilo.

"Na mama wa mtoto je?" mwenye duka alidakia. "Si alimwacha peke yake?"

Ofisa aligeuza boksi. Kulikuwa na picha ya mtoto amelala fofofo, na chini yake maandishi: "Mlaze, uendelee na kazi zako."

"Haya ameandika nani?"

Mwenye duka alitoa leso, akajifuta paji la uso. Hapo Bi Pindo akaona nafasi yake. Akasimulia habari ya kilebo. "Aliniambia nikitoe," alimaliza. "Nikakitoa." Alikuwa amekusudia neno la kwanza lisikike. Chumbani likabaki la pili.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Duka lisiuze tena viota, libandike tangazo mlangoni, livikusanye vyote vilivyouzwa, na gharama za matibabu ya mtoto ziwe juu yake, kwa kuwa bidhaa ilitoka kwa jina lake na maneno ya boksi yalikuwa yake. Bi Pindo aliandikwa shahidi, akakatazwa kuvishona tena. Aliisoma barua mara nne. Alitegemea ama aibu ama nafuu. Hakuna iliyokuja. Kuitwa shahidi wa kitu alichokishona kwa mikono yake kulimkaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine.

Alipoomba orodha ya wateja ili avikusanye mwenyewe, mwenye duka alimpa bila ubishi. Bi Pindo akazunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walimkabidhi mara moja, wakamshika mkono. Mmoja alikuwa amekigeuza kitanda cha paka. Mwingine, mwenye mapacha, alimzuia mlangoni: "Wanangu wanalala vizuri, bibi. Wewe ndiye uliyeshona, leo unakuja kukisema vibaya?" Bi Pindo alieleza, akachanganya maneno, akaeleza upya. Mwanamke alikitoa kwa shingo upande, akafunga mlango kwa kishindo. Mpaka mwisho wa mwezi alikuwa amepata thelathini na kimoja. Vilivyobaki, watu walikuwa wamehama au wamewapa ndugu.

Mwisho alikwenda kwa yule mwanamke wa kwanza. Mtoto alikuwa chini kwenye mkeka, amelala chali, anapiga teke hewani.

"Nimekuja kukwambia havipo tena dukani," alisema. "Na kukuomba radhi, ingawa sijui hasa naomba radhi ya nini. Ya pamba, ya kilebo, au ya vyote."

Mwanamke alimpangusa mtoto mdomo. "Hata mimi sijui nikujibu nini, bibi. Kuna siku nakulaumu wewe. Kuna siku nalaumu duka. Siku nyingi najilaumu mwenyewe, kwa zile hatua kumi."

"Usijilaumu."

"Na wewe je, umeacha kujilaumu?"

Mwanamke alibandika chai, akavuta kiti, akampangusia vumbi kwa kiganja. Bi Pindo alikaa. Walikaa pale, wakimwangalia mtoto anavyopumua, tumbo linapanda na kushuka, mpaka chai ikawa tayari.