Saa ya simu ilivyoninyima kipaimara cha binti yangu, nikiwa nazurura sokoni Tunduma

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, sina mazoea ya kuanzisha uzi. Ila hili limenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Nalieleza lilivyo, hata pale linaponifanya nionekane fala.

Mimi ni dereva wa lori, njia ya Dar hadi Lubumbashi, mwaka wa kumi na tano huu. Familia iko Morogoro.

Binti yangu Agatha alipobatizwa, nilikuwa kwenye foleni ya mpaka wa Kongo. Komunyo ya kwanza nikawa porini Zambia, gia boksi imekufa. Kwa hiyo kipaimara nilimwapia kabisa: mwanangu, nitakuwepo, tena benchi la mbele.

Kipaimara kilikuwa Jumapili saa tatu asubuhi. Jumamosi alfajiri niko Tunduma. Bosi kaniruhusu, gari nikamwachia mwenzangu, nikaenda kukata tiketi ya basi.

Wakala akaniambia, "Saa tisa alasiri, kaka. Saa ya Bongo."

Nikamjibu kwa dharau, "Kwani hapa nipo wapi, Uchina?"

Akacheka. "Hapa tunaulizana tu, kaka."

Shikeni hapo.

Mgongo ulikuwa unauma, siku tatu nimekaa foleni upande wa Zambia. Nikajilaza gesti, kitanda kibonde kitupu. Saa nne asubuhi nikaamka, nikalinganisha simu na saa ya mapokezi, ziko sawa. Nikasema miaka kumi na tano napita hapa sijawahi hata kulitembea soko, leo acha nizurure kama mtalii.

Wakuu, utalii gani ule!

Kila hatua kumi mtu kanishika mkono. "Boss, kwacha? Boss, dola?" Sitaki. "Boss, kitenge cha mama?" Sitaki. Msukuma mkokoteni wa sukari akanigonga kisigino, halafu yeye ndiye akanitukana. Vumbi lile, bodaboda zile, spika kila kibanda na wimbo wake. Nilitafuta pa kupumzika nikakosa.

Kwa wasiopajua, soko limekaa juu ya mpaka. Unaweza kumenya muwa umesimama Tanzania, maganda yakaangukia Zambia.

Nikaishia kwenye kibanda cha viatu cha mama mmoja, Mama Sikazwe, Mnamwanga wa hapo hapo. Alikuwa anamuaga mteja wake wa Kizambia kwa Kibemba, akanigeukia kwa Kiswahili, "Karibu, baba. Kaa, naona umechoka." Ndiye mtu wa kwanza siku hiyo aliyeniambia kitu cha maana.

Nikaona viatu vyeupe vya kike, vizuri, vya kanisani. Nikasema hivi ndivyo vya Agatha.

"Anavaa namba ngapi?"

Nikavigeuza viatu kama vile jibu liko kwenye soli.

"Baba, mguu wa mtoto wako huujui?"

Hakusema kwa ubaya, ila niliona aibu. Nikampigia mama yake, hapokei, yuko kwenye maandalizi. Nikatuma meseji, nikakaa kwenye benchi kusubiri jibu.

Mara adhana ya adhuhuri ikasikika. Majirani wa Mama Sikazwe, wauza vitenge, wakafunika bidhaa zao wakaenda kuswali. Nikatazama simu: saa sita kasoro dakika tano. Nikajisemea, huyu muadhini leo ana haraka ya wapi? Wakuu, mtu anaadhini kila siku ya Mungu, halafu mimi dereva wa kupita ndiye nikamwona amekosea!

Meseji ikaja: 38. Nikavilipia. Nikaagiza wali maharage kwa jirani, nikala, usingizi ukaanza kuninyemelea pale pale kwenye benchi.

Mama Sikazwe akaniuliza, "Basi lako saa ngapi, baba?"

"Saa tisa."

"Ya Bongo au ya Zambia?"

Nikachoka kabisa. Mara ya pili siku moja! Nikamwambia, "Mama, ya Bongo! Na sasa hivi ni saa saba kasoro, acha nipumzike." Akaendelea kupanga viatu vyake.

Nilipozinduka, simu inasema saa nane kamili. Nikaaga taratibu, nikanunua na maji, nikafika stendi saa nane na dakika ishirini ya simu yangu.

Basi hakuna.

Yule wakala akanionyesha saa ya ukutani: saa tisa na dakika ishirini. "Kaka, si nilikwambia?"

Pale sokoni simu ilidaka mnara wa Zambia, ikajirudisha nyuma saa nzima bila kuniuliza. Na mimi najua Zambia wako nyuma yetu saa moja! Miaka kumi na tano najua! Ila sikuvuka mpaka, nilikaa tu kwenye benchi.

Wakala akampigia kondakta, akajibiwa basi halisubiri mtu mmoja. Bodaboda akanikimbiza hadi Vwawa, tukakuta limeshapita. Nikapata lifti ya lori la kahawa hadi Mbeya, alfajiri nikapanda basi lingine. Saa tatu asubuhi, askofu anaingia kanisani Morogoro, mimi niko njiani bado, mfuko wa viatu mapajani. Nililia, wakuu, na sioni haya kusema.

Nilifika nyumbani jioni, wageni wanaondoka. Agatha bado ana gauni jeupe, chini amevaa viatu vyake vyeusi vya shule. Mama yake akaniambia nafasi yangu benchi la mbele aliiwekea mkoba hadi misa ikaisha.

Mtoto akavaa vile vyeupe, akazunguka sebuleni. "Vimenitosha, baba. Asante." Basi. Ningefurahi kama angenuna.

Funzo: ukiwa Tunduma, zima ile saa ya automatic. Na mwenyeji akikuuliza swali unaloliona la kijinga, lijibu kwa adabu, hakuuliza bure. Mliowahi kukutwa na haya shukeni hapa chini, na wanaotaka kunicheka waje tu, nimeshazoea.

Juzi nimempigia Agatha nikiwa Ndola, Zambia. Nikamwambia, "Mwanangu, kesho saa mbili usiku nitakupigia tuongee vizuri."

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Saa mbili ya kwetu, baba, au ya huko kwako?"