Siku Fundi Alois Aliposhuka Shimoni

Sila Luvanda alikuwa mtu wa chini. Hilo si tusi, ndivyo wapasuaji wa mbao walivyoitana kule Mahongole, karibu na Makambako, enzi za Mwingereza. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anapanda juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mmoja mrefu wenye mishikio huku na huku unapita kati yao. Wa juu anafuata mstari na kuinua. Wa chini anavuta, na unga wa mbao unamwagikia machoni, puani na ndani ya shati mpaka kiunoni. Wa juu anaitwa fundi. Wa chini anaitwa kwa kabila lake, au haitwi kabisa.

Sila aliitwa Mkinga. Alitoka Matamba kwa miguu mwaka aliorudi kutoka mashamba ya mkonge na kukuta nyumba yake imefungwa kwa kamba. Mkewe alikuwa ameondoka na mwanamume mwenye mbuzi. Sila hakumfuata, kwa sababu mbuzi wenyewe walikuwa wengi na yeye hakuwa na hata mmoja. Kwenye mkonge hakutaka kurudi. Kule mtu anakata majani mpaka mgongo unagoma, halafu anarudi kwao na blanketi na kikohozi. Alitaka kazi ambayo mtu akishaijua ni yake, hata akifukuzwa anaondoka nayo.

Fundi Alois alimpokea. Alikuwa Mbena wa Uwemba, aliyejifunza upasuaji kwa mabruda wa misheni, na msumeno wake ndio uliokuwa ukitafutwa kuliko yote kati ya Makambako na Njombe. Masharti yalikuwa mafupi. Sila atakula kwa Alois, atalala kwenye kibanda cha mbao, na gogo likiisha atapata kitu kidogo cha kulipia kodi ya kichwa na kununua sabuni. Akikomaa, Fundi atamshukia.

Hapo penye kushukiwa ndipo palipokuwa na mambo. Kwa wapasuaji wa upande ule, hakuna aliyekuwa fundi kwa kujua kazi. Ulikuwa fundi siku ile mwalimu wako alipovua viatu mbele ya wenzake, akaingia shimoni, akavuta chini yako ubao mmoja mzima. Ukimaliza unampa mkono, unamtoa nje, watu wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, uliouleta wewe, mambo yamekwisha. Kabla ya hapo unaweza kunyoosha ubao kama uzi, wala hakuna atakayekupa gogo. Kila mahali swali lilikuwa moja: nani alikushukia?

Alois hakuwa na haraka ya kushuka. Mwaka wa kwanza alisema Mkinga bado anavuta kama anayeng'oa muhogo. Mwaka wa pili kulikuwa na kazi nyingi. Mwaka wa tatu alifiwa na kaka yake, na msiba ni msiba. Mwaka wa nne hapakuwa na sababu yoyote, Alois alibadilisha tu mazungumzo. Sila aliyaelewa yote hayo bila kumchukia. Mtu wa chini aliyekwishajua kazi, anayekula kidogo na asiye na ndugu wa kumsemea, ni mali. Nani anaifungulia mlango mali yake?

Safari moja aliaga kwamba anakwenda kusali, akatembea siku nzima mpaka Njombe, ambako walikuwa wanapanda miti ya miwati na kujenga nyumba za wafanyakazi. Msimamizi wa mbao alimtazama mikono, akaridhika nayo, kisha akauliza nani alimshukia. Sila alirudi Mahongole usiku wa pili, akaenda kulala na njaa. Akisema hakula atalazimika kusema alikokuwa.

Alikuwa peke yake kwa namna ambayo mtu huizoea bila kuikubali. Wapasuaji wengine walizungumza Kibena wakati wa kula, na yeye Kibena alikijua cha kuombea maji tu. Walimtania kwamba Wakinga wanahesabu viazi kabla ya kuvipika. Alicheka nao. Kila mmoja wao alikuwa na wa kwake wa kuvuta naye, shemeji au mtoto wa mjomba, na ndiyo maana hata angekuwa na msumeno asingepata wa kuingia shimoni. Sauti pekee iliyokuwa yake ni ya Alois, iliyoshuka kutoka juu ya gogo pamoja na unga wa mbao, ikisimulia habari za Uwemba, za bruda aliyeogopa nyuki, za ng'ombe aliyeingia kanisani wakati wa mahubiri. Sila hakuweza kujibu, maana ukifungua mdomo kule chini unakula mbao. Alisikiliza tu. Kwa miaka yote hiyo huo ndio uliokuwa urafiki wake.

Ni kule chini alikogundua jambo. Mstari wa mkaa hupigwa upande wa juu wa gogo na upande wa chini pia, na Sila aliona kwamba msumeno umeanza kuuacha. Mwanzoni kidogo, baadaye kidogo zaidi. Akachungulia, akamwona Alois akipapasa gogo kwa kidole kabla ya kuanza, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye ngozi. Watu Alois aliwaona vizuri, njia aliiona, ndege juu ya mkaratusi alimwona. Ule mstari mwembamba wa karibu na miguu yake ndio uliokuwa umempotea. Sila hakusema. Alianza kuupinda msumeno kutoka chini, taratibu, akiurudisha kwenye mstari kila ulipotoka. Kazi ya wa chini haimtaki afanye hivyo na mabega yalimuuma, lakini mbao zikaendelea kutoka zimenyooka, na sifa zikaendelea kwenda juu.

Mwaka wa tano, mvua zilipoisha, aliacha kuupinda.

Kefa, karani wa Mhindi mwenye duka pale Makambako, alikuja kuchukua mbao za milango. Aliinua moja, akafumba jicho, akaitazama kwa urefu wake.

"Mzee Alois," akasema, "hii ni mbao au ni Mto Ruhuji?"

Wapasuaji wa shimo la jirani walicheka. Kefa akaacha mbao zote chini, akaondoka na gari lake tupu. Alois hakumgeukia Sila mbele ya watu. Alingoja mpaka wengine walipokwenda kula, akaketi kwenye gogo, akamwita.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mvua za mwaka juzi, Fundi."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza na nikanyoosha. Leo nimenyamaza tu."

Alois hakuwa mjinga, alijua kwamba mtu amekuja sokoni na bei yake. Akamwambia aseme anachotaka. Sila akasema anataka kushukiwa, mbele ya watu wote wa mashimo, kabla ya mwezi kuandama.

"Na kesho yake?" Alois akauliza. "Kesho yake unachukua gogo lako unakwenda. Mimi nabaki na msumeno nisioweza kuufuata. Bora nisishuke, tufe njaa wote wawili."

"Kesho yake usipande," Sila akasema. "Baki chini. Chini panataka mikono, Baba, na yako ni mizima. Juu nitaangalia mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Baba. Huenda lilimtoka, huenda alilipanga.

Wakapatana hivi. Msumeno ni wa Alois, kwa hiyo malipo watagawana sawa kwa sawa, haijalishi nani yuko juu. Alois akaongeza sharti moja: habari ya macho isitoke pale kwenye gogo. Asiambiwe Kefa, wala wapasuaji, wala Avelina mkewe. Wakijua, alisema, watamwonea huruma, na mtu anayeonewa huruma hapewi kazi, anapewa uji.

Sharti hilo Sila alilikubali upesi. Sawa kwa sawa aliiwaza sana kabla ya kuikubali, akaigeuza kila upande. Kunyamaza hakukuwaza. Aliona ni kitu kisicho na gharama, akakitoa bure kama mtu anayemwongezea mteja kitunguu. Hapo ndipo mkataba ule ulipomshinda.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Sila, Mlutheri asiyekunywa, alinunua ulanzi wa kuwatosha wote, akausimamia kama mtu anayesimamia mazishi ya jirani. Wapasuaji walikuja na wake zao. Alois alivua viatu, akaingia shimoni, watu wakamtania kwamba leo atajua mbao ina ladha gani. Ubao ulitoka umenyooka. Sila akampa mkono, akamtoa nje, Avelina akampangusa mumewe unga kwenye nyusi kwa upande wa kanga. Mpasuaji mmoja mzee akamwita Sila fundi, kwa sauti. Alilala usiku ule akiwa fundi.

Asubuhi Alois akaingia tena shimoni.

Wa shimo la jirani walidhani ni mzaha. Siku ya pili walinyamaza. Siku ya tatu mmoja alikuja kuchungulia, akamwona mzee wa Uwemba amekunja mgongo kwenye giza lile, mvi zimejaa unga, na Mkinga amesimama juu yake. Fundi hushuka mara moja na kutoka. Fundi anayeshuka asitoke, ametupwa. Hivyo ndivyo walivyojua wao, na wa kuwaambia vinginevyo walikuwa wawili tu duniani, nao walikuwa wamepatana.

Neno lilifika Makambako kabla ya mbao. Wapasuaji waliacha kumtania, jambo ambalo Sila alidhani ni heshima mpaka alipoona wameacha na kumsalimu. Alitoa salamu yao, "Kamwene," ikabaki hewani. Kanisani, mzee wa kanisa Gideoni alimwita pembeni akamuuliza habari za yule mzee Mkatoliki. Sila akajibu kwamba ni mapatano yao. Gideoni akasema mapatano mengine ni dhambi zilizotiwa sahihi, na Jumapili iliyofuata benchi la Sila lilikuwa na nafasi kubwa kushoto na kulia.

Kazi haikupungua. Kefa hakujali nani yuko shimoni ilimradi milango inafunga. Sila alijenga nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya mbao, akanunua koti. Akatuma mshenga kwa baba yake Ida, binti wa hapo Mahongole aliyekuwa akimtazama bila kugeuza uso. Mshenga alirudi mapema kuliko arudivyo mwenye ujumbe mwema. Akaketi, akaomba maji, akasema wamekataa.

"Wanasemaje?" Sila akauliza.

"Wanasema aliyemshusha fundi wake atamshusha na mkwe wake."

Naye Alois hakusimulia tena. Chini hakuna anayezungumza. Sila alijaribu kusema yeye kutoka juu, habari za Matamba, za baridi ya Kitulo inayogandisha maji kwenye ndoo, lakini hakujua kusimulia, na hakukuwa na jibu. Akaacha. Msumeno ulikwenda na kurudi, siku nzima, watu wawili na pumzi zao.

Siku ya sikukuu Alois alikwenda Uwemba kwenye misa. Sila alikuwa peke yake kwenye shimo, akimenya magome ya gogo la kesho yake, alipomwona Avelina anakuja kwa njia ya mashambani. Hakuwa amekuja pale tangu siku ya ulanzi. Hakukaa.

"Nimekuja kwa neno moja," akasema. "Nimeishi na Alois miaka mingi na simwelewi. Hanung'uniki, hakusemi vibaya, anaamka anakwenda kuingia kwenye lile shimo. Niambie wewe. Ulimshusha, au alishuka mwenyewe?"

Sila aliweka shoka chini. Aliona kabisa kilicholetwa mbele yake. Maneno machache kwa mwanamke huyu, na kabla ya jua kuzama yangekuwa yamefika kwa Gideoni, kwa wapasuaji, kwa baba yake Ida. Salamu zingerudi. Labda na mshenga angerudi. Na Alois angetoka Uwemba akute watu wanamshika mkono kumwonyesha njia anayoiona vizuri, na watu wangekuwa wema kwake mpaka afe.

Alilipima jambo hilo. Si kwamba alikuwa mtu mwema kuliko wengine. Lakini alikuwa ameuza kimya chake kwa nafasi ya kusimama juu ya gogo, na nafasi hiyo alikuwa anaitumia kila siku. Huwezi kula mahindi ya mtu halafu ukataka kuvunja bei.

"Nilimshusha mimi, Mama," akasema.

Avelina akavuta kanga yake mabegani, akageuka, akarudi kwa njia ile ile, wala hakuharakisha.

Sila alichukua uzi, akauchovya kwenye maji ya mkaa. Kwa kawaida uzi hushikwa na watu wawili, mmoja kila mwisho wa gogo. Akapigilia msumari upande wa pili, akaufunga uzi hapo, akarudi kwake, akauvuta ukakaza, akauinua kidogo kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari ukatoka mweusi, umenyooka.

Akaenda kuung'oa msumari.