Fisi Aliyeambiwa Ukweli

Mama mkwe wake hakupenda kabisa kuitaja kazi ya mkwewe mbele za watu. Akiulizwa husema, "Yuko safarini," kisha hugeuza maneno upesi na kuulizia bei ya mkaa. Usimlaumu. Ungekuwa wewe, una binti mmoja tu, fundi cherehani anayeheshimika mtaa mzima, ungesimama wapi useme ameolewa na Fisi?

Na Fisi ndilo jina lake. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, likitolewa mara mojamoja kwa ajili ya watu wa benki. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Fisi katika kundi la watu wanne linalozunguka mashuleni na kwenye kumbi kuwaigizia watoto. Kiongozi wao walimwita Mama Kundi, mwalimu mstaafu ambaye ndiye msimulizi, na ndiye pia kila mnyama asiye na maneno ya kusema. Mpiga ngoma ndiye dereva, na alizungumza na injini kuliko alivyozungumza na binadamu. Wa nne ni Sungura, mwanamke mdogo wa umbo, mama wa watoto wawili wa sekondari, ambaye bado aliweza kuruka meza bila kugusa kitu.

Kichwa cha fisi kilishonwa na mkewe mwenyewe, kabla hajawa mkewe. Mwanamume alikwenda kwake na vipande vya godoro na blanketi kuukuu, akaomba ashonewe kichwa. Fundi akampima mara tatu. Kichwa cha mtu hakiongezeki baina ya kipimo cha kwanza na cha tatu, lakini futi ilirudi palepale, na kufikia kipimo cha tatu wote wawili walikuwa wanacheka. Kwa hiyo tusidanganyane hapa: huyu mama hakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alijua anaolewa na mnyama gani.

Maisha ya kazi ile ni ya kubadilishia nguo stoo. Kila shule ina stoo, na kila stoo ina madawati yaliyovunjika miguu, ramani iliyoliwa na mchwa na harufu ya chaki iliyolowa. Fisi aliweza kuvaa manyoya yake yote amesimama kwa mguu mmoja juu ya rundo la madaftari. Aliweza kulala ameketi, katikati ya mabomba ya kusimamishia pazia na tenga kubwa la Sungura. Kichwa kikilowa jasho alikianika juani, kwenye kamba ya nyumba ya wageni, katikati ya mashuka, na mara mbili mfanyakazi wa usafi amewahi kutoka mbio akaacha ndoo. Fisi aliwafuata wote wawili kuwaomba radhi. Yule wa pili alikataa kufungua mlango.

Ungedhani mtu wa namna hiyo analalamika. Thubutu! Aliipenda kazi yake mpaka inaudhi. Aliupenda ule wakati kabla pazia halijafunguliwa, watoto mia mbili wakiwa wananong'ona upande wa pili, na yeye gizani ndani ya godoro lake akijua kwamba punde watapiga mayowe kwa ajili yake.

Igizo lao maarufu lilikuwa jepesi. Fisi mwenye njaa anamfukuza Sungura, Sungura anajificha ndani ya tenga mbele ya macho ya watoto wote, Fisi anaingia akihema. "Watoto wazuri," anauliza, "mmemwona Sungura?" Watoto wanajibu, "Hatujamwonaaa!" Anauliza tena, wanakataa tena. Mara ya tatu wanamwambia kwa sauti moja, "Kaenda mtoniii!" Fisi anakwenda mtoni, anatumbukia kwenye matope, na hapo ukumbi unapasuka kwa kicheko. Igizo zima lilisimama juu ya uongo huo mmoja. Mwalimu mmoja aliwahi kulalamika kwamba wanawafundisha watoto kudanganya. Mama Kundi akamuuliza, "Mwalimu, mtu akija na panga anakuulizia, unataka wanafunzi wako wamwonyeshe mlango wa ofisi yako?" Mwalimu aliketi.

Na katika miaka kumi na mmoja, hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumsaliti Sungura. Wamelia, wamejikojolea, wamemrushia Fisi viatu. Kumwambia ukweli, hapana.

Sasa, mtu huyu aliyejua kuchekesha watoto wa kila mji alikuwa na mtoto mmoja asiyeweza kumchekesha. Binti yake, wa miaka mitano, walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Fisi hurudi nyumbani siku nne, tano, kisha huondoka kwa mwezi na zaidi. Akirudi, Kidoti hujibana nyuma ya cherehani ya mama yake na kumtazama. Haendi kwake. Akipewa zawadi hupokea kwa mikono miwili, husema ahsante, hurudi nyuma ya cherehani. Kwenye simu ni kupumua tu. "Msalimie baba," mama husema, na Fisi, amekaa ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, husikiliza pumzi za mwanawe mpaka salio linakwisha.

Siku moja alikuwa nyumbani, ameketi mezani, akamsikia Kidoti akinong'ona jikoni: "Mama, mgeni anataka chai."

Mgeni! Ndani ya nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake! Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na Fisi aliinywa ile chai huku methali hiyo imemkaa kooni.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa msimamizi wa bohari ya vifaa vya ujenzi. Alimwambia kuna nafasi ya mtunza bohari: kuingia asubuhi, kutoka jioni, Jumapili nyumbani. "Lakini shemeji, nijibu kabla ya Jumatatu. Watu wanaitaka." Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo, kundi lilikuwa na onyesho katika ukumbi wa mji wa kwao, ukumbi uliokuwa umefungwa tangu Kidoti hajazaliwa kwa sababu paa lilikuwa likivuja. Itakuwa mara ya kwanza mtoto kumwona baba yake kazini.

Ijumaa alimpigia mkewe. "Mlete Kidoti kesho. Akiniona, labda atanijua. Akinikaribia hata kidogo, nitaendelea na kazi yangu, nitajua kwamba bado nina mtoto. Asiponikaribia, nakwenda kuhesabu misumari kwa kaka yako."

"Na mimi je?" mkewe akauliza. "Mimi si nimekukaribia?"

"Wewe ulinipima kichwa mara tatu. Wewe huna la kusema."

Mkewe akacheka. "Haya, baba Kidoti. Tutakuja."

Saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umefurika. Fisi alichungulia kwenye tundu la pazia, jambo ambalo Mama Kundi hulikataza, akawaona: mkewe benchi la tatu, na Kidoti mapajani mwake, amevaa gauni jipya, uso umekazwa kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Fisi aliogopa. Hakuogopa hivyo hata siku yake ya kwanza jukwaani.

Ngoma ikalia. Sungura akaruka, akazunguka, akajitumbukiza ndani ya tenga na kufunga kifuniko. Fisi akaingia akihema.

"Watoto wazuri, mmemwona Sungura?"

"Hatujamwonaaa!"

"Kweli kabisa hamjamwona?"

"Hatujamwonaaa!"

Akavuta pumzi. "Basi niambieni, Sungura yuko wapi?"

Na kabla watoto mia mbili hawajafungua vinywa, sauti moja nyembamba ikatoka benchi la tatu. Kidoti alikuwa amesimama juu ya mapaja ya mama yake, kidole kimenyooka. "Baba! Yuko ndani ya tenga!"

Ukumbi ukalipuka. "Muongo huyo!" "Hayumo!" "Kaenda mtoni! Mtoniii!" Watoto walisimama juu ya mabenchi, wengine walimgeukia Kidoti kwa hasira, na yeye hakushusha kidole. Aliendelea kuonyesha, macho kwa baba yake tu.

Fisi alijua la kufanya. Mwigizaji yeyote angejua: jifanye kiziwi, nenda mtoni, tumbukia. Miguu ikaanza kuelekea mtoni kwa mazoea. Lakini mtoto wake, ambaye hajawahi kumwambia neno ila ahsante, amesimama peke yake mbele ya mji mzima akamwita baba na kumwambia ukweli. Amwonyeshe kwamba hakumsikia? Amfanye muongo mbele za watu?

"Ahsante, mama," Fisi alisema, kwa sauti yake mwenyewe kabisa, si ya fisi. Akaliendea tenga.

Ngoma ikakatika. Kutoka ndani ya tenga Sungura akanong'ona kwa ukali, "We! Umerukwa na akili? Mto uko kule!" Mkono wa Fisi ukashika kifuniko na kukiinua. Sungura akasimama taratibu, sikio moja limekunjika, wakatazamana. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutunga Fisi afanye nini akimpata Sungura. Mama Kundi, pembeni, alikuwa ameshika kichwa.

Aliyeokoa siku ni Sungura. Alipiga ukelele mmoja, akaruka kutoka kwenye tenga, akaruka na ukingo wa jukwaa, akaingia katikati ya watoto. Kumbe walikuwa wanangoja hilo tu! Walimfunika, wakamficha chini ya mabenchi, wakampitisha mkono kwa mkono kama ndoo za kuzimia moto. Fisi akamfuata, akajikwaa, akafunikwa na watoto ishirini, akasahau hata mlango uko wapi. Mpiga ngoma akapata fahamu na kuanza kupiga kama kichaa. Mama Kundi baadaye alikiri kwamba halijapata kutokea onyesho zuri kama lile, na kwamba likirudiwa atamfukuza mtu kazi.

Kundi lilikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa hata wakichoka vipi: mtoto haendi nyumbani na hofu. Igizo likiisha Fisi huketi ukingoni mwa jukwaa, huvua kichwa mbele ya watoto wote, nao hupita mmoja mmoja kumgusa manyoya. Siku hiyo alivua, uso unachuruzika jasho, akawapa mkono, akajibu kwamba hapana, hali mifupa, anapenda mkate. Macho yake yalikuwa nyuma ya foleni. Kidoti alikuwa wa mwisho kabisa, ameshikwa mkono na mama yake, analia kwa kwikwi.

Fisi akapiga magoti. Nimemwogopesha, alifikiri. Basi, mambo yamekwisha. "Usiogope, mama. Ni mimi, baba."

"Siogopi," Kidoti alisema.

"Sasa unalia nini?"

"Si nilikuonyesha! Nilikuonyesha alipo, ukamwacha akakimbia!"

"Alinizidi mbio, mama."

"Sasa utamtafuta tena siku ngapi?"

Fisi hakuelewa. Akamtazama mkewe, na mkewe akatazama sakafu. Kidoti akajifuta kamasi kwa kiganja. "Mama alisema unamtafuta Sungura. Alisema siku ukimkamata, utarudi nyumbani."

"Alikuwa na miaka miwili," mkewe alisema polepole. "Kila asubuhi anauliza baba yuko wapi. Ningemwambia nini, baba Kidoti?"

Fisi alibaki magotini. Miaka mitatu mtoto amekuwa akisimama nyuma ya cherehani, na yeye akidhani hajulikani. Kumbe alikuwa anajulikana vizuri. Mtoto alimwona anaingia mlangoni mikono mitupu, hana Sungura, akajua huyu ataondoka tena, na akaona heri asimzoee. Machozi yake yakachanganyika na jasho bila aibu yoyote.

Nyuma ya pazia Sungura alikuwa anakunja kamba, na alisikia kila neno. Akatoka, masikio bado kichwani, akashuka jukwaani na kusimama mbele ya Fisi. Akanyoosha mkono.

"Haya, nikamate," alisema. "Nimechoka kukimbia. Huyu mwanao ameniponza."

Fisi akamtazama. Miaka kumi na mmoja wamegawana mkate, dawa za mafua na viti vya gari, na macho ya Sungura nayo hayakuwa makavu. Akamshika kifundo cha mkono.

Kidoti akasogea. Akavikagua vidole vya baba yake kimoja kimoja kuona kama vimefunga. "Mshike vizuri, baba."

"Nimemshika."

Mama Kundi, aliyetakiwa awe mji mwingine kabla ya jioni kwa onyesho jingine, aliokota kichwa cha fisi sakafuni, akakinusa, akakunja uso. "Nitakivaa mimi mpaka tupate mtu," alisema. "Nendeni. Nendeni kabla sijabadili mawazo."

"Mwambie kaka yako," Fisi alimwambia mkewe, "Jumatatu nakuja."

Walitoka nje juani, Fisi bado na manyoya mwilini, mkono mmoja kwa Sungura, mwingine kwa binti yake. Sungura alikubali kutekwa mpaka kwenye kona ya barabara, ili mtoto aone. Na kila mtu waliyepishana naye, muuza magazeti, fundi viatu, mama aliyebeba ndoo, Kidoti alimsimamisha na kumwambia, "Baba amempata. Tunaenda nyumbani."