Kadi ya Kipa

Harufu ya makaratasi yaliyolowa mvua ilinipata jana nilipopita kwenye soko la vitu vya zamani, hapa mtaani Saint-Josse, nikawa tena msichana wa miaka tisa.

Nilikuwa na kadi moja ya maana, ya kipa wa mpira, iliyochapishwa kwa makosa bila jina lake na hivyo adimu. Papa alinipeleka nayo kwa mzee mmoja muuza kadi, nikaibadilishe na zile zilizopungua kwenye albamu yangu. Mzee aliigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akasema ni bandia.

“Si bandia! Pakiti niliifungua mwenyewe.”

“Nyamaza, mutoto. Monsieur anajua kazi yake,” Papa akaniambia, kisha akamwomba mzee radhi kwa Kifaransa chake cha kusitasita na kwa aibu akamwachia kadi.

Hatukufika mbali nikageuka. Kipa wangu alikuwa tayari ndani ya kisanduku cha kioo, kati ya kadi za bei ghali, mbele ya wote. Nikamvuta Papa mkono. Alitazama, akaona vizuri kabisa.

“Bon, twende,” akasema. “Ile haiko yako tena.”

Mzee yule nilimsahau upesi. Lakini Papa sikumwonyesha tena kitu chochote nilichokipenda.