Pawa Saplai ya Kompyuta ya Baba

Baba yangu alikuwa mpiga mnada wa mitumba. Kwa miaka mingi, pale Mtaa wa Msimbazi, uliisikia sauti yake kabla hujaiona meza yake, na watu waliosimama kumcheka tu waliondoka na shati mkononi. Kisha kiharusi kikampiga. Akili ilibaki nzima, lakini mdomo ulipinda, ulimi ukawa mzito, na kila alichotaka kusema kikatoka mguno mmoja. Mkono wa kulia ulikufa. Wa kushoto ulitetemeka, simu ikamshinda.

Nikamwekea sebuleni kwetu Magomeni kompyuta yangu ya mezani, yenye kibodi kubwa. Alikuwa akibonyeza herufi mojamoja kwa kidole, nasi tunasoma kwenye skrini. Kuandika "chai haina sukari" kulimtoa jasho, lakini alikuwa ameongea.

Alasiri moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Kompyuta ikalia pa! na chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Fundi wa mtaani kwetu akaifungua, akachomoa lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine.

"Pawa saplai imekufa, dada," alisema. "Shukuru haikuondoka na vingine. Safari hii usinunue ya kubahatisha."

Nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza nililoingia lilijaa maboksi yenye picha za radi.

"Mambo dada? Chukua hii, kitu kipya, wati mia sita. Utaisahau."

Nikaishika. Ilikuwa nyepesi kama boksi la sabuni lililokwisha. Ile iliyoungua nayo niliinunua mpya, na maandishi makubwa vilevile. Nikamwomba muuzaji aiwashe niione. Akasema boksi likifunguliwa imeuzwa. Nikazunguka maduka mengine, jibu likawa lilelile, mpaka wakaanza kushusha mageti. Nilipoingia nyumbani, baba alitazama mikono yangu kabla ya kunitazama usoni.

Kesho yake nikaingia duka la mzee mmoja Mwarabu, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nikupe nini?"

Nikamweleza. Akanyoosha mkono rafuni huku akiuliza, "Kompyuta yenyewe ya kazi gani? Ya michezo? Ya ofisi?"

"Baba yangu anaongelea."

Mkono ukasimama. Nilipomsimulia, akaliacha boksi alilotaka kunipa, akainama chini ya kaunta na kutoa pawa saplai ya kijivu, imejaa vumbi.

"Hii imetumika, sikufichi. Imetoka kwenye mashine ya ofisi. Lakini hebu ishike."

Ilikuwa nzito, ikauvuta mkono wangu chini.

"Wati za kwenye karatasi kila mtu anaweza kuzichapa," alisema. "Uzito wa ndani hauchapwi."

Akaiunganisha kwenye kompyuta yake na kuiacha iwake. Tukanywa kahawa. Nikaweka kiganja juu yake: uvuguvugu tu, na feni yake haikupiga kelele. Akanishauri niongeze na stabilaiza, umeme ukirudi kwa fujo uishie hapo.

"Itadumu, mzee?"

"Kwa umeme wetu huu nikuapie nini, mwanangu? Ila hii hata baba yangu ningempa."

Nilirudi nyumbani nayo nikikaribia kufurahi. Nikamkuta mama jikoni, sufuria inaungua na yeye haioni.

"Shemeji alikuja asubuhi," akasema. Baba mdogo, mdogo wake baba. "Kuhusu meza."

Tangu augue, baba alikuwa amekataza meza yake ya mnada isiguswe. Ilifunikwa turubai palepale Msimbazi, akiamini atarudi. Asubuhi hiyo baba mdogo alikaa mbele yake akamwambia, "Kaka, ile meza inakaa bure. Kuna mtu anaitaka leo." Baba akaguna. Akagonga mkono wa kiti, akaguna tena. Baba mdogo akamgeukia mama: "Umesikia, shemeji? Amekubali." Kufikia adhuhuri meza ilikuwa ya mtu mwingine.

"Na wewe, mama?"

"Nilidhani amekubali. Nilitaka kudhani hivyo."

Fundi akaja akaifunga ile pawa saplai. Skrini ikawaka. Baba akasogezwa karibu, akainua kidole. Tulisimama nyuma yake tukisubiri herufi moja, kisha nyingine.

NILISEMA HAPANA.

Mama akajifunika uso kwa kanga. Fundi akakusanya bisibisi zake polepole, akaaga kwa kichwa.

Nikampigia simu baba mdogo. "Mwenzetu ameshapanga mzigo wake," alisema. "Nimwambie atoke, nimwambieje? Na kaka alikubali. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu."

Nikamsomea maneno yaliyokuwa kwenye skrini. Akasema mtandao unasumbua, na simu ikakatika.

Umeme umekatika na kurudi mara nyingi tangu hapo. Pawa saplai haijanisumbua hata siku moja. Baba ndiye haandiki sana. Mama humuuliza kila kitu sasa, hata chumvi ya mchuzi, na hungoja mpaka amalize herufi ya mwisho. Mara nyingi hungoja bure. Baba mdogo akija Jumapili huvuta kiti karibu na kibodi na kusema, "Kaka, niambie lolote." Baba huandika "salama", kisha hugeuza uso wake dirishani.