Kengele Iliyofuata Saa ya Kinshasa

"Mashini yako iko nalala, Bibiane. Sema tu ukweli."

"Hailale, papa Athanase. Angalia weye mwenyewe, inaandika cinq heures dix, saa kumi na moja na dakika kumi."

"Cinq heures ya wapi? Kuya hapa uone jua."

Athanase alimvuta mkono mpaka mlangoni mwa mnara wa kanisa. Nje, jua lilikuwa linachungulia juu ya mabati ya mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, na waumini wamesimama uani wakiitazama kengele iliyonyamaza. Miaka thelathini mzee huyu alivuta kamba saa kumi na mbili kamili. Kuku wa mtaa walimngojea yeye kwanza ndipo wawike. Asiyesadiki akawaulize kuku. Sasa Padri Jérôme amefunga nyundo ya umeme ya kuigonga kengele, na Bibiane, aliyesomea mashini za kompyuta, ameiandikia programu. Leo ikilia vizuri, kamba inakatwa, Athanase anaenda kukaa nyumbani.

Bibiane akarudi kwenye mashini, akatafuta, akajishika kichwa.

"Nimekosa, papa. Iliniuliza saa ya muji gani. Bunia haiko mu liste, nikaandika Kinshasa, juu ndiyo capitale, muji mukubwa wa inchi. Kumbe siye tunafuata saa ya Lubumbashi, iko mbele na saa moja."

"Kinshasa bado giza?"

"Bado."

Mzee akatazama jua tena. Nchi moja, bendera moja, na jua linaigawa kwa zamu.

"Basi yenyewe inajua saa ya nani?"

"Haiko ya mutu hata moja. Ndani iko na hesabu moja ya dunia yote. Inahesabu segonde tangu tarehe moja Januari 1970. Saa ya Kinshasa, saa ya Bunia, hizo inavaa tu kama nguo."

Kwenye kioo cha mashini namba ndefu ilikuwa ikipanda, moja, moja, bila kupumua.

Athanase akatoa kadi yake ya uchaguzi. Mama yake hakujua siku aliyomzaa, karani akaandika aliyopenda: 01/01/1970. Akatazama kadi, akatazama namba. Kumbe tangu kilio chake cha kwanza kuna kitu kinamuhesabu, na hakijaruka hata pumzi moja.

"Papa," Bibiane akanong'ona, "Padri akiuliza, utasema mashini ni mubaya?"

"Mubaya namna gani? Huyu ni pacha wangu. Nitamwambia Padri kamba isikatwe, na pacha naye asifukuzwe, tutapiga kengele kwa zamu, siku yangu, siku ya—"

Mlango ukasukumwa. Padri Jérôme akaingia, saa yake ya mkono ameishika mbele ya pua.